Barua ya Nehemia na ghala za mfalme

Somo: Nehemia 2:7-9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Zikitajwa nguvu za Waajemi wa kale, wengi tunawaza majeshi na dhahabu. Vyote walikuwa navyo. Ila jeshi lenye njaa haliendi mbali, na dola yao ilianzia bonde la mto Indus ikafika Misri. Iliyoishika dola hiyo kwa miaka 200 hivi ni barua yenye mhuri, pamoja na ghala lililokuwa tayari kuitii.

Kutoka Sardi (magharibi mwa Uturuki ya leo) hadi Shushani (Iran ya leo) ilipita barabara ya mfalme, kilomita 2,500 hivi. Mwanahistoria Herodoto alihesabu vituo 111, safari ya siku 90 kwa miguu. Msafiri wa serikali hakubeba chakula cha njia nzima, alibeba barua. Akifika kituoni anaionyesha, mtunza ghala anampimia unga, mara nyingi lita moja au moja na nusu kwa siku, kisha inaandikwa kwenye kibao cha udongo: nani kapewa, kiasi gani, kwa idhini ya nani, anakwenda wapi. Kibao kinapigwa mhuri na kupelekwa makao makuu kwa hesabu. Maelfu ya vibao hivyo, vya mwaka 509 hadi 493 K.K., vilichimbuliwa Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, mwaka 1933 na 1934.

Ipo pia barua ya Arsames, liwali wa Misri, ya kumsafirisha msimamizi wake. Kila siku apewe vipimo viwili vya unga mweupe, vitatu vya unga wa aina nyingine, na kondoo mmoja; watumishi wake kipimo kimoja kila mtu; farasi wapewe majani. Halafu kuna sharti: wakikaa mahali pamoja zaidi ya siku moja, wasiongezewe posho. Mwenye barua hakupewa nafasi ya kuzurura kwa unga wa serikali!

Sasa tumrudie Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi na aliyetaka kwenda kuujenga upya Yerusalemu, mwaka 445 K.K. Aliomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne. Mfalme alipomuuliza haja yake, alitaja muda wa safari, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto (Frati) wampishe, na nyingine kwa Asafu, mwenye kuutunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango ya ngome, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Bila barua hiyo Asafu asingetoa hata boriti moja, na angekuwa sahihi. Kwa hiyo anayesema kufuatilia vibali ni kupungukiwa imani, na aisome sura hii upya. Nehemia mwenyewe anasema alipewa kwa sababu mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake.

Mfumo huo ulikuwa na hatari yake: hulka ya mhuri ni kubeba lolote. Matarishi waliopeleka amri ya Hamani ya kuwaangamiza Wayahudi (Esta 3) ndio utaratibu uleule uliopeleka barua za Mordekai, za kuwaruhusu Wayahudi kujitetea, katika majimbo 127 (Esta 8). Hizi za pili ziliandikwa tarehe 23 mwezi wa tatu, na siku ya maangamizi ilikuwa tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo maana farasi wa mbio walihitajika.

Kumbukumbu nazo ziliokoa ujenzi wa hekalu la Yerusalemu. Liwali Tatenai alipohoji ujenzi, amri ya mfalme Koreshi ya kulijenga ilitafutwa Babeli, ikapatikana Akmetha, Hamadan ya leo, ikiwa na vipimo na agizo kwamba gharama zitoke nyumba ya mfalme (Ezra 6). Hekalu likakamilika mwaka 515 K.K.

Wiki hii tusome Ezra 8:21-34 polepole. Ezra, kuhani aliyewaongoza Wayahudi kurudi Yerusalemu, aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba Mungu huwalinda wamtafutao. Wakafunga, wakaomba. Lakini fedha hakuiacha hivihivi: aliwapimia makuhani kumi na wawili talanta (kipimo cha uzito) 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu, pamoja na vyombo, akawaagiza wavilinde mpaka watakapovipima Yerusalemu. Walipofika walipumzika siku tatu. Siku ya nne vikapimwa tena, vyote kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa.