Lemna imetoa maua, ila kopo la para limegoma

Jamani, hatimaye Lemna, yale majani madogo yanayoelea juu ya maji, imechanua! Ni aequinoctialis, niliichota kwenye majaruba ya mpunga, yenyewe hutoa maua siku zikiwa fupi na mimi nimeiweka chini ya taa masaa 16, kopo la mbolea tupu hamna kitu, ila la asidi ya salisiliki na la benzoeti (ile ya watengeneza juisi) yote yana maua. Kila ua stameni (viungo vya kiume) mbili tu, zimechungulia kwenye kimfuko cha pembeni mwa jani, nimeziangalia mpaka shingo ikauma. Na lenzi ya sonara ya mara 10 inatosha kabisa, mikroskopu ya USB nimeiweka kabatini, picha inacheza tu.

Sasa hili kopo la para. Para-haidroksibenzoiki ina atomu zilezile za salisiliki, idadi ileile, OH (oksijeni na haidrojeni) tu imehama kutoka jirani na kaboksili (COOH, kundi linaloifanya iwe asidi), mkao unaoitwa otho, ikaenda ng'ambo ya pete ya kaboni, ndo para, basi, ua hakuna. Nimehamisha makopo chini ya taa, nimesawazisha pH, dozi ileile kama miligramu 1.4 kwa lita, bado! Toka 1974 Cleland na Ajami walipoikuta salisiliki kwenye majimaji matamu ya vidukari watu wanajua otho ndo inafanya kazi, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba OH ikiwa jirani inashikana na kaboksili kwa bondi ya haidrojeni, asidi inakuwa kali, pKa (ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) karibu 3 wakati para ni kama 4.5. Sawa, lakini benzoiki, asidi ya ile benzoeti, haina OH hiyo ya kwenye pete, pKa yake 4.2, mbona imechanua? Mi naona OH siyo inayoleta ua, kaboksili juu ya pete ndo yenyewe, OH ikikaa otho haisumbui, ikikaa para inaharibu. Hapo sibanduki.

Nilipanga wiki hii nianze kupunguza masaa ya taa, nimeacha kwanza, maana nimekumbuka asidi ya nikotiniki, vitamini B3. Pete yake ina naitrojeni, kaboksili ipo, na Wajapani waliitoa ndani ya Lemna yenyewe wakaona inaleta maua. Shida vidonge vingi vya madukani ni nikotinamidi, kaboksili imeshageuzwa amidi, mi nataka unga wa asidi yenyewe. Mwenye nao Moro au Dodoma anicheki, hata gramu moja inanitosha.