Marseille, safari ya pili

Watu wa Mombasa waliowahi kulala Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, usiku mmoja hurudi na lawama zile zile: mji mchafu, chakula ghali, kila mlango umefungwa. Mengi ni kweli. Ila chanzo chake huwa ni siku waliyofika, upepo uliokuwa ukivuma na meza waliyokalia.

Tuanze na siku. Mucem, jumba la makumbusho lililofunguliwa 2013 kwenye mlango wa bandari ya zamani, hufunga Jumanne. Makumbusho ya manispaa hufunga Jumatatu. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Basi aliyeshuka stesheni ya Saint-Charles Jumapili jioni akapanda treni Jumanne asubuhi, alichokiona zaidi ni makufuli. Fika Jumatano, lala siku tatu, na ukiweza uende Mei au Septemba.

Upepo nao ni habari kubwa. Mistral hushuka na bonde la mto Rhône, mkavu na wa baridi, na hauna ukarimu wa kaskazi yetu. Hudanganya, kwa sababu ukivuma anga huwa buluu safi bila wingu. Bahari ikichafuka, boti za kwenda Château d'If, ngome ya kisiwani, hughairiwa. Kwa hiyo ukiamka siku ya kwanza ukakuta maji yametulia, panda boti siku hiyo hiyo, usiiweke akiba.

Calanques, vile vihori vyembamba vilivyobanwa na miamba ya chokaa, zina kanuni zake. Tangu Juni hadi Septemba njia hufungwa hatari ya moto ikipanda, na tangazo hutolewa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Sugiton, mojawapo ya calanques hizo, wakati wa msimu huingii bila kujiandikisha mtandaoni. Ni bure, lakini nafasi huisha haraka. Beba lita 2 za maji kila mtu, na viatu vya kushika mwamba. Kandambili huko ni kujitafutia kuvunjika mguu.

Sasa chakula, ambako ndiko watu wengi huliwa pesa. Bouillabaisse ya kweli huagizwa mapema, ina samaki wa aina 4 au zaidi, na mchuzi huja mbali na samaki, ambao hupasuliwa mbele yako. Ile ya bei rahisi iliyochorwa kwenye ubao kando ya bandari ni supu ya samaki tu. Kama mfuko haufiki, achana nayo bila majuto, upande basi 35 kutoka La Joliette hadi L'Estaque ukale panisse. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, lakini haukorogwi ukachovyewa kitu. Husongwa: gramu 250 za unga kwa lita 1 ya maji, chumvi, kijiko cha mafuta ya zeituni. Unga huchanganywa na maji kungali baridi, la sivyo hufanya madonge, kisha mwiko hauachwi mpaka uwe mzito. Humwagwa kwenye vyombo, hupoa ukashikana, hukatwa vipande vya unene wa kidole na kukaangwa. Ule papo hapo. Ukipoa hutafuna kama raba.

Mtaa wa Le Panier mtu wa Mji wa Kale atausoma bila ramani: vichochoro, nguo zimeanikwa dirishani, ngazi za kuchosha magoti. Upande wa bandari ni mpya kwa sababu Wajerumani waliulipua 1943. Ukiwa hapo vuka daraja la miguu mpaka Fort Saint-Jean. Kutembea ndani ya uwanja wa ngome hakulipishwi.

Soko la Noailles, dakika chache kutoka bandarini, nyama ya halali huna haja ya kuihangaikia. Na Wangazija wamejaa mjini humo, kwa hiyo usishangae ukisikia nyuma yako lugha unayoielewa nusu.

Viza: ada ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Alama za vidole za viza ya kwanza zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, kwa hiyo toa fotokopi ya viza ile ya zamani uiambatishe kwenye fomu kabla hujakata tiketi ya SGR ya Nairobi.