Sindano iliyoachwa mezani

Leo mchana, maabara yetu hapa Dar, mwenzangu kachomwa na sindano iliyotumika. Mtu aliirudishia kifuniko, kikachomoka, akaiacha mezani. Sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, iko mwisho wa chumba!

Akaosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukikamua. Muda si mrefu akaanza dawa za kinga ya VVU. Hizo mwisho wa kuzianza ni saa 72, na unameza siku 28.

Kilichoniuma ni swali lake:
"Dada, na homa ya ini B je? Mimi sijachanjwa."

Miaka yote hii anashika damu za watu. Chanjo yenyewe dozi 3 tu, jamani.

Wenzangu wa maabara, nyie mmechanjwa? Na sefti boksi zenu ziko wapi?