Siku moja maishani mwangu: fundi lifti, Tanga hadi Segera

Saa 11 alfajiri. Ngamiani bado giza. Naswali, nakunywa chai kwa mihogo, natoa baiskeli. Begi nimeshalipanga tangu usiku: spana, mita ya umeme, tochi, kufuli na mswaki mkuukuu. Mswaki huo unafanya kazi kuliko spana zote.

Saa 1 na nusu asubuhi. Jengo la ghorofa nne, katikati ya mji. Mlinzi ananiambia lifti imekufa tangu jana na wazee wanapanda ngazi wakitweta. Nazima swichi kuu, naipiga kufuli, ufunguo natia mfukoni. Lifti nyingi zinazosemwa zimekufa huwa zinaumwa mlango tu. Mlango usipofunga barabara, swichi yake haiungi, na mota haivuti ng'o. Napiga magoti, namulika mfereji wa kizingiti. Mbegu ya chungwa! Imekauka, imejibana pembeni kabisa. Naichokoa kwa bisibisi, nasugua kwa mswaki, nawasha. Inapanda. Sisi ni majirani wa Muheza, machungwa tunayala popote.

Saa 3. Mama wa usafi ananiuliza swali ninaloulizwa kila mahali: "Fundi, kamba ikikatika je?" Namwambia kamba haiwi moja, ziko kadhaa, na chini ya kabini kuna meno ya chuma yanayong'ata reli lifti ikishuka kwa kasi isiyo yake. Tena kauntaweti, ule uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba, ni nzito kuliko kabini tupu, kwa hiyo breki ikiachia hakuna mtu ndani, lifti inapanda, haishuki. Anacheka, lakini anaingia.

Saa 6 mchana, stendi ya Kange. Napanda basi la Segera.

Saa 8. Segera, pale njia ya Tanga inapokutana na ile ya Dar na Moshi. Mabasi yanashusha, kondakta anapiga kelele: "Dakika kumi na tano, wa kuchimba dawa wachimbe!" Mzee mmoja mwenye hoteli ameinua ghorofa, anataka ukumbi wa kulia uwe juu. Ananionyesha picha kwenye simu: mgahawa umekaa juu ya barabara kama daraja, magari yanapita chini.

"Hii ni kweli, fundi?"

"Kweli, mzee. Marekani walijenga wa namna hiyo Vinita, Oklahoma, mwaka 1957. Italia wakafuata 1959, Fiorenzuola d'Arda, kwenye barabara ya Milan na Bologna. Msafiri wa upande huu na wa upande ule wanakula ukumbi mmoja, hakuna anayekatiza mbele ya malori."

Picha imempendeza. Lakini kwenye ramani yake naona ngazi tu. Lifti, anasema, ataiweka baadaye, hela zikipatikana.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Basi la Arusha lilikuwa limesimama, na bibi mmoja mwenye mkongojo alibaki mlangoni, anahesabu ngazi za basi kwa macho. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, nishike mkono." Tuliposhuka, dakika nne zilikuwa zimekwenda. Nikamwonyesha mzee: huyu, ukumbi ukiwa juu, atakula nini kwa dakika kumi na moja zilizobaki? Nikamwambia asipojenga shimo la lifti sasa, baadaye atavunja sakafu na zege lake mwenyewe. Achimbe shimo chini, aache nafasi juu, lifti yenyewe itakuja hata mwakani.

Hakujibu. Nikapima, nikamwandikia vipimo kwenye karatasi, nikamwachia.

Saa 1 usiku. Nimefika nyumbani, bado sijavua viatu. Simu inaita.

"Fundi, ule mlango ulisema upana gani?"

"Sentimita 80 zisipungue, mzee. Weka 90, kiti cha magurudumu kipite bila kugusa."

"Tisini. Haya, kesho wanaanza kuchimba."