Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hisabati, kidato cha sita

Saa 1:15 asubuhi. Mstarini, halafu ofisini kusaini mahudhurio. Kisha napita maabara kuomba bika na themomita.

Saa 2:40. Vipindi viwili mfululizo na PCM (darasa la Fizikia, Kemia na Hisabati). Mada ni milinganyo ya difrensheli, yaani inayoeleza kasi ya mabadiliko, na naanzia kwenye maji ya moto. Newton alieleza mwaka 1701 kwamba kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Hapa Tanga leo darasani ni nyuzi 30, kwa hiyo, T ikiwa joto la maji, t muda kwa dakika na k namba isiyobadilika:

dT/dt = −k(T − 30)

Sasa tunatenganisha vigeu: tunagawa kwa T − 30, kila chenye T kinahamia kushoto, t inabaki kulia: dT/(T − 30) = −k dt. Tukiintegreti, ln(T − 30) = −kt + c. Hiyo c iandikwe papo hapo! Ukiibandika mwishoni unapata T = 30 + e^(−kt) + c, na hilo si jibu. Inayotakiwa ni T = 30 + Ae^(−kt), maana c ikitoka kwenye logi inageuka kizidisho.

Maji yalianza nyuzi 90, hivyo A ni 60. Dakika ya 10 themomita inasoma 60, tofauti imebaki nusu. Dakika ya 20 mlinganyo unasema 45, sisi tunasoma 46. Mvuke ulibeba joto la ziada mwanzoni, kwa hiyo dakika 10 za kwanza maji yalipoa haraka kuliko yalivyoendelea baadaye, na mlinganyo wetu hauhesabu mvuke.

Saa 4:20. Chai. Mwanafunzi ananifuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, na ile chupa ya maji iliyofungwa, iliyolala maabara tangu jana? T yake ni 30. Si tumegawa kwa sifuri?"

Nimefurahi mno. T = 30 ni jibu halali, na tulilitupa tulipogawa.

"Hapa mwanangu linarudi ukiweka A = 0. Lakini jaribu dy/dx = y²."

Saa 8:00 mchana. Nasahihisha madaftari.

Saa 10:00 jioni. Kipindi cha ziada. Yule kijana yuko ubaoni: y = −1/(x + c), na hakuna c itakayokupa y = 0, ingawa nalo ni jibu halali. Darasa zima linajaribu namba, wapi! Ndiyo maana nadai, kabla ya kutenganisha vigeu, mstari wa kwanza wa daftari useme tunagawa kwa kitu gani, na hicho kinakuwa sifuri lini.

Kazi ya prepo usiku: dy/dx = y(1 − y). Humo yanapotea majibu mawili.