Siku Moja Maishani Mwangu: Meza ya Pweza, Soko la Jiji

Saa kumi na moja alfajiri niko River Road, Nairobi, nasubiri basi la Mombasa lenye makasha yangu. Ni wakati wa bamvua, maji yanakupwa mbali, na wavuvi wa Shimoni na Vanga wamepata pweza wa kutosha. Yakiingia maji mafu, yasiyokupwa mbali, huwa nauza samaki tu, changu na tafi.

Saa moja mkokoteni uko sokoni. Kazi chafu huanza hapo. Namsugua pweza kwa chumvi mpaka ute uishe, nageuza kichwa ndani nje, natoa matumbo na kifuko cha wino taratibu kisipasuke, kisha nabinya katikati ya minyiri, ile mikono yake, mdomo uchomoke. Mdomo ule mweusi ndio mgumu. Kwingine kote ni nyama tupu, ndiyo maana hupenya kwenye tundu jembamba usiloamini.

Saa tatu wapishi wa hoteli wanakuja, wanalia bei, wanabeba.

Saa sita kijana wa shule, kaja na mamake, ananionyesha video kwenye simu. "Anti, mbona wako ni wadogo?"

Wa kwenye video alikuwa pweza mkubwa wa Pasifiki, wa bahari baridi za Japani, Alaska na Kanada. Aliyekomaa kwa kawaida ni kama kilo 15, na kuna aliyepimwa akiwa hai akafika 71. Mama mtu akacheka: huyo angelisha nusu ya Eastleigh! Nikamwambia kijana kwamba kilo si hoja. Wangu pia wana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa sababu ina shaba badala ya chuma.

Kinachonishangaza mimi ni umri wa lile jitu. Mwili wote ule, na anaishi miaka mitatu hadi mitano! Jike hutaga makumi ya maelfu ya mayai, kila moja kama punje ya mchele, akayaning'iniza kwenye dari la pango lake. Hukaa hapo miezi sita au zaidi akiyapulizia maji safi na kuyapangusa, wala hali. Yakianguliwa, naye amekwisha. Kijana alizima simu, akataka kujua kama wa Shimoni naye hufa hivyo. Hufa hivyo hivyo, tena mapema zaidi. Mamake akanunua mmoja wa kilo moja na nusu.

Alasiri imepoa, nafuta meza tu.

Saa kumi na moja jioni anakuja kaka muuza supu kuchukua vichwa na vipande. Wateja wake ni wanaume, na sababu mnaijua. Nikamsimulia habari za lile jitu, macho yakamtoka: "Dada, supu ya huyo si ingekuwa na nguvu mara kumi?"

Nikamwambia dume lake likishampanda jike huanza kudhoofika, likaacha kula, miezi michache likafa. Akafunga mfuko wake, akaniomba nisimwambie mtu.