Kumeji iachie boti, kufunga PR ya mtu fanya mwenyewe

Nimetunza repo za pamoja (hifadhi za kodi ambazo watu wengi wanachangia) miaka kadhaa sasa na msimamo wangu ni huu, kumeji, yaani kuingiza mabadiliko ya mtu kwenye kodi kuu, ni kazi ya mashine, yaani boti, programu inayojiendesha yenyewe, ila kufunga bila kumeji PR (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko) ya mtu aliyekaa akaandika kodi kwa muda wake mwenyewe, hapo lazima binadamu awepo.

Kwenye kumeji wengi wanajiamini bure, manake wanaona testi (majaribio ya kodi yanayojiendesha) ni kijani, yaani zimepita, basi wanabonyeza. Chukua PR mbili za siku moja. Ya kwanza imebadilisha jina la fanksheni hesabu_jumla ikawa jumla_ya_oda, na imerekebisha kila mahali inapoitwa. Ya pili ni ya mtu mwingine kabisa, imeongeza faili jipya ambalo ndani yake linaita hesabu_jumla. Zote kijani, Git (programu inayotunza matoleo ya kodi) haioni mgongano wowote maana hawajagusa mstari uleule, unameji hii unameji ile, dakika kumi baadaye main (branchi kuu ya kodi) imekufa na kila mtu anauliza nani kaharibu. Hakuna aliyeharibu! Ila hakuna aliyezitesti zikiwa pamoja.

Dawa yake ni foleni. Watu wa Rust, lugha ya programu, walishaliona hili zamani, boti yao bors inachukua PR iliyopitishwa, inaichanganya pembeni na main ilivyo sasa hivi, inaendesha testi, zikipita ndo main inasogezwa hadi pale. Graydon Hoare, aliyeianzisha Rust, kanuni yake ilikuwa fupi tu: tunza repo ambayo kodi yake siku zote inapita testi zote, na kazi hiyo ifanywe na mashine. GitHub, tovuti ya kutunzia repo, nao wakafungulia watu merge queue (foleni ya kumeji) yao rasmi Julai 2023, wenzao GitLab wana merge trains, za aina hiyo hiyo. Na msichanganye hii na auto-merge, ile inasubiri tu masharti uliyoweka yatimie halafu inameji, haikupangii foleni.

Jingine dogo ila baya sana: umepitisha PR, mwandishi wake anasukuma komiti nyingine (mabadiliko mapya) juu yake, boti inameji kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Kwenye ulinzi wa branchi kuna sehemu ya kufuta idhini za zamani kila komiti mpya ikiingia, iwasheni leo hii.

Sasa kufunga. Hapa nina uchungu nalo kwa kweli. Kuna projekti niliipelekea PR ya kurekebisha tarehe zilizokuwa zinaruka siku moja kwa watu wa masaa tofauti, nikaandika na testi zake, kimya. Siku ya 60 boti ikabandika lebo ya stale (imelala bila kuguswa), nikajibu bado nipo nasubiri riviu, yaani waisome kodi yangu, lebo ikatoka, kimya tena, siku 60 nyingine lebo ikarudi, wiki hiyo sikuwa karibu na kompyuta na baada ya siku 7 ikafungwa. Sikurudi tena kule. Mimi ndo niliyekuwa nasubiri wao, lakini boti ilihesabu kama mimi ndo nimetelekeza.

Hizo 60 na 7 ndo namba zinazokuja na actions/stale, boti ya GitHub ya kubandika lebo hiyo na kufunga, usipobadilisha kitu, na wengi hawabadilishi. Kubernetes, projekti kubwa ya wazi yenye PR kibao, wanakwenda taratibu zaidi, siku 90 inakuwa stale, 30 zikipita inaitwa rotten (imeoza), 30 nyingine ndo inafungwa, na wanakuonyesha amri ya kuandika ili kuifungua tena. Afadhali hiyo, ingawa bado saa haijui mpira uko kwa nani.

Kwangu, kwenye mipangilio ya actions/stale, days-before-pr-close (siku kabla ya kufunga) nimeweka -1, boti inakumbusha tu haifungi, na only-pr-labels (boti ishughulike na PR zenye lebo hii tu) nimeipa lebo moja, inasubiri-mwandishi, ambayo naibandika mimi baada ya kufanya riviu na kuomba mabadiliko, kwa hiyo PR ambayo mimi ndo nimechelewa kuisoma boti haiigusi kabisa. Kila Ijumaa napitia zenye stale na kumwandikia kila mmoja kwa jina lake kwa nini nafunga na nini kimebaki. Ijumaa iliyopita nilifunga tatu, mmoja akajibu palepale kwamba amebakiza testi moja tu, nikaifungua, akasukuma, na kabla ya usiku ilikuwa iko kwenye foleni.